Funga Kitabu, Ujiulize: Mwongozo wa Kusoma na Kukumbuka

Kila muhula ukikaribia kufungwa, swali ni lilelile. Mzazi ananisimamisha sokoni hapa Busia, Uganda: "Mwalimu, mtoto anasoma mpaka saa sita usiku, mbona alama hazipandi?" Mtoto mwenyewe hulileta kwa namna yake: "Nasoma, mwalimu, lakini haishiki." Na siku hizi wapo vijana wa boda wanaotaka kurudia mtihani wa S.4 (kidato cha nne) kama watahiniwa wa kujitegemea, nao huniuliza hivyohivyo injini ikiwa bado inanguruma. Nimechoka kujibu nikiwa nimeshika mfuko wa nyanya. Haya, nimeandika.

Jibu langu kwa ufupi: unasoma sana, unajiuliza kidogo. Mengine yote hapa chini ni namna ya kubadilisha hilo.

Nadharia kidogo tu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinamtoka kwa kasi gani. Nyingi zilimtoka katika saa za mwanzo, halafu kasi ya kusahau ikapungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, kule Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: walioongoza ni wale waliosoma, wakafunga, wakajaribu kukumbuka.

Hizo dakika 5 ndizo zinazowadanganya watu. Ukirudia ukurasa mara ya tatu unakuwa kama jirani unayemjua kwa sura. Mtihani hauulizi kama unamjua kwa sura. Unauliza jina lake, ni wa ukoo gani, na jana alikuwa wapi.

Kabla hujaanza, tafuta vitu hivi

- Daftari moja la kurasa 96 ambalo si la somo lolote. Mimi huliita daftari la kumwaga. Halikusanywi wala halisahihishwi na mwalimu, kwa hiyo mwandiko mbaya ruksa.
- Karatasi ya manila, uikate vipande vya ukubwa wa nusu kiganja. Ukikosa manila, boksi la sabuni au la dawa ya meno linafaa kabisa.
- Makopo matatu, au maboksi matatu ya viatu.
- Kalamu ya bluu na kalamu nyekundu.
- Saa yoyote isiyo simu. Ukitumia simu kama saa utaiangalia saa mara moja na ujumbe mara kumi.
- Silabasi ya somo lako na karatasi za mitihani iliyopita ya UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda. Ukiwa Kampala, maduka ya fotokopi ya Wandegeya hayakosi. Tahadhari kwa walio S.4: mtaala mpya ulianza na S.1 mwaka 2020, na mtihani wake wa kwanza wa UCE, yaani wa cheti cha S.4, ulifanyika 2024. Karatasi za kabla ya hapo zitakusaidia kupima kama unajua mambo, ila namna ya kuuliza imebadilika. Sasa unapewa kisa cha maisha na unatakiwa kutumia unachojua.

Hatua zenyewe

1. Anza na ukurasa mtupu. Kabla ya kufungua kitabu, andika jina la mada juu ya ukurasa wa daftari la kumwaga, kisha kwa dakika 5 andika chochote unachokijua kuihusu. Ukiandika mistari miwili, sawa. Ukiandika uongo, sawa pia. Unachofanya hapa ni kuchimba shimo ili ujue wapi pa kumwagia udongo. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inatia aibu, na aibu yenyewe hakuna anayeiona.

2. Soma kipande kidogo, funga, mwaga. Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukifanya hatua hii peke yake na ukaacha zote zilizobaki, bado utakuwa umepiga hatua.

Soma kurasa mbili, zisizidi tatu. Funga kitabu na ukisukume mbali na mkono. Andika ulichosoma kwa maneno yako, bila kuchungulia. Utakwama. Ukikwama, usifungue mara moja. Kaa na hicho kigugumizi angalau dakika moja, maana kule kujikamua ndiko kunakojenga kumbukumbu.

Nikupe mfano. Binti mmoja wa S.3 alikuja kwangu na mada ya pepo za ziwani na za nchi kavu. Alikuwa ameisoma mara nne, na kitabu kilikuwa cha njano kote kwa ile kalamu ya kupakia mistari. Nikamwambia funga, andika kwa nini miji ya kando ya Ziwa Victoria kama Entebbe hupata mvua nyingi. Akaandika: "Mchana upepo hutoka ziwani. Usiku upepo hutoka nchi kavu. Huleta mvua." Basi, kalamu ikasimama.

Nikamuuliza, kwa nini mchana utoke ziwani? Kimya. Tukafungua kitabu pamoja. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu ikipata joto hupanda, na hewa ya ziwani, yenye baridi na unyevu, huja kuziba nafasi. Unyevu ukipanda hupoa, mawingu hujikusanya. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake, na mambo yanageuka. Sentensi hizo alikuwa amezipaka njano zote. Macho yalizipita, kichwa hakikuulizwa kitu. Tulipofunga tena akaandika mistari tisa, na neno "kwa sababu" likatokea mara tatu. Hilo ndilo neno la kuangalia katika daftari lako. Ukurasa usio na "kwa sababu" hata moja ni orodha ya sokoni.

*Kosa la kawaida:* kuandika muhtasari kitabu kikiwa wazi. Hiyo ni kunakili. Mkono unachoka, kichwa kimelala, na mwisho wa siku una daftari zuri la kumwonyesha mzazi.

3. Fungua, sahihisha kwa nyekundu. Linganisha na kitabu. Ulichosahau andika kwa nyekundu, ulichokosea kata kwa nyekundu. Kesho yake usome nyekundu tu. Usiache kosa lilale bila kusahihishwa, maana jibu la uongo nalo linaweza kushika.

4. Geuza nyekundu kuwa kadi. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kadi moja, swali moja, jibu la pumzi moja.

Kadi mbaya: "Eleza historia ya reli ya Uganda." Hiyo si kadi, hiyo ni insha. Ivunje:

- Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka gani? *1896.*
- Reli ilifika Kisumu mwaka gani? *1901.*
- Ilifika Kampala mwaka gani? *1931.*
- Kati ya 1901 na 1931, mzigo wa kutoka Kisumu ulifikaje Uganda? *Kwa meli, kupitia Ziwa Victoria.*

Kadi ile ya nne ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu inaunganisha mbili zilizotangulia. Kila ukitengeneza kadi tatu za tarehe au majina, tengeneza moja ya "vipi" au "kwa nini".

Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha. Najua siku ya kwanza utatengeneza 60 kwa furaha ya manila mpya. Wiki ya pili zitakuwa zimekulemea na kopo litageuka pambo la dirishani.

5. Zungusha kadi katika makopo matatu. Wazo hili lilienezwa na Sebastian Leitner, aliyeandika kulihusu kwa Kijerumani mwaka 1972. Yeye alikuwa na sanduku lenye vyumba vingi zaidi. Mimi nimelipunguza lilingane na chumba cha kupanga.

Kopo la kwanza hupitiwa kila siku. La pili, Jumatano na Jumamosi. La tatu, Jumapili tu. Kadi zote mpya huanzia kopo la kwanza. Ukijibu sawa, kadi inapanda kopo moja. Ukikosea, hata kama ilikuwa kopo la tatu, inarudi la kwanza, na hapo hakuna rufaa. Kadi ukiijibu sawa Jumapili tatu mfululizo, ifunge kwa mpira uiweke kando mpaka mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Jibu kwa sauti au kwa kuandika *kabla* ya kugeuza kadi. Hapa ndipo wanafunzi wanajiibia: wanageuza, wanaona jibu, wanasema "aa, hili nalijua," na kadi inapanda kopo. Kama hukulitamka, hulijui.

Faida ya kadi ni kwamba zinaingia mfukoni. Kijana mmoja wa boda huzipitia akiwa stejini akisubiri abiria. Amezitoboa kwenye kona na kuzifunga kwa waya zisipeperuke.

6. Changanya maswali. Hili hasa kwa hesabu. Ukifanya maswali 20 ya asilimia mfululizo, kuanzia la tatu hufikirii tena, mkono unafuata njia. Mtihani hautakuambia "hili ni la asilimia". Kwa hiyo ukishaelewa kanuni, changanya: moja la asilimia, moja la uwiano, moja la eneo la duara, moja la mwezi uliopita. Utakosea zaidi na utahisi umerudi nyuma. Vumilia, unajifunza kutambua swali linataka nini, na hiyo ni nusu ya alama.

7. Mweleze mtu kwa lugha ya nyumbani. Shuleni kwetu masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kukariri sentensi nzima ya Kiingereza bila kuimeza. Kwa hiyo mweleze dada, bibi au jirani, kwa Kiswahili, Kisamia, Luganda, chochote mnachozungumza. Akikuuliza "sasa hiyo inatokeaje?" na ukakosa la kusema, umegundua shimo. Lizibe, kisha uandike maelezo yaleyale kwa Kiingereza katika daftari la kumwaga, kwa kuwa karatasi ya mtihani utaijibu kwa Kiingereza. Usiruke nusu hii ya pili. Nimewaona walioelewa vizuri wakapoteza alama kwa kukosa neno.

8. Orodha kavu zitungie sentensi. Kuna mambo hayana "kwa sababu", ni orodha tu. Chukua herufi za mwanzo utunge upuuzi unaochekesha. Majirani wa Uganda, ukianzia mashariki ukapita kaskazini: Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Tanzania. Sisi tunasema: Kuku Sita Kutoka Rukungiri Tumewachinja. Ukitunga mwenyewe inashika kuliko ya kupewa. Ila usigeuze kila kitu kuwa kuku. Njia hii ni ya orodha, haielezi chochote.

9. Kaa mtihanini kabla ya mtihani. Mara moja kwa wiki, chukua karatasi iliyopita, weka saa, kaa kwenye kiti kigumu, andika mpaka muda uishe. Hakuna chai wala kuchungulia. Kisha nyekundu, kisha kadi, mzunguko ule ule.

10. Lala. Nilipokuwa S.4 bwenini kwetu tulikuwa na beseni la maji baridi chini ya meza. Unatumbukiza miguu usisinzie, unasoma mpaka saa tisa usiku. Nilijiona shujaa. Asubuhi, kwenye karatasi ya historia, nilikumbuka ukurasa, nikakumbuka jibu lilikuwa kona ya chini kushoto, nikakumbuka hata doa la chai lililokuwa pembeni yake. Jibu lenyewe halikuja. Usingizi ndio muda ambao ubongo unaimarisha ulichosoma mchana. Ukiukata unakata kazi katikati. Kijana anahitaji saa 8 au zaidi. Bora ulale saa tatu usiku, uamke saa kumi na moja alfajiri upitie kadi kabla nyumba haijaamka.

Siku ya kawaida inakaa hivi

Alfajiri dakika 20 za kopo la kwanza. Jioni vipindi viwili vya dakika 30 hadi 40, kila kimoja mada yake: ukurasa mtupu, soma, funga, mwaga, nyekundu. Kati yake pumzika dakika 10 kwa kusimama, kuteka maji, kupiga soga mlangoni, usishike simu. Mwisho dakika 10 za kutengeneza kadi. Jumla haizidi saa mbili. Wazazi wengine hawaniamini nikisema hivyo, wanataka kumwona mtoto ameinamia kitabu mpaka usiku wa manane. Mwacheni alale.

Mambo yakigoma

*Nasoma aya, nikifika mwisho sikumbuki mwanzo.* Kipande ni kikubwa mno. Soma aya moja, funga, sema sentensi moja. Kama hata hiyo inagoma, huenda hulielewi neno fulani la Kiingereza humo ndani. Litafute kwanza.

*Darasani naelewa, mtihanini kichwa cheupe.* Umezoea kukumbuka kitabu kikiwa karibu. Ongeza hatua ya 9. Na siku ya mtihani, ukikwama, andika pembeni chochote kinachohusiana na mada kwa dakika moja, kama ukurasa mtupu wa hatua ya 1. Mara nyingi jambo moja huvuta jingine.

*Umeme umekatika.* Kadi zinaulizika gizani pia: mdogo wako ashike tochi asome swali, wewe ujibu. Ukiwa na taa ya sola, ichaji mchana na uitunze kwa kazi ya kuandika tu.

*Nyumbani kuna kelele, chumba kimoja, watoto watano.* Hamisha kazi ya kuandika iwe alfajiri, au baki shuleni saa moja baada ya kengele. Kadi zinavumilia kelele, kitabu hakivumilii.

*Nasinzia kila nikifungua kitabu.* Kama umelala vya kutosha, basi unasoma tu bila kujiuliza. Ni vigumu kusinzia huku unajibu swali kwa sauti. Simama.

*Nimekosa siku nne, kopo la kwanza limefurika.* Usijaribu kulipa deni lote usiku mmoja. Simamisha kadi mpya kwa wiki, pitia 30 kwa siku mpaka limalizike.

*Nimebakiwa na wiki mbili.* Acha vitabu vizima. Chukua karatasi zilizopita, jibu, tafuta ulipoanguka, soma hapo tu, tengeneza kadi za hapo tu. Tumia makopo mawili badala ya matatu: la kila siku, na la baada ya siku tatu. Hutamaliza silabasi, na usijidanganye kwamba utaimaliza. Chagua mada unazozifahamu nusu nusu, kwa sababu hizo ndizo zinazopanda haraka. Ile ambayo hujawahi kuielewa tangu S.1, iache mpaka zilizobaki zikae sawa.

*Mwenzangu anasoma mara moja anakumbuka.* Muulize anafanya nini akishafunga kitabu. Yule wa darasani kwetu tuliyemwonea wivu, niligundua baadaye, alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu kilomita nne huku akijihadithia somo la siku hiyo kwa sauti. Watu wa njiani walidhani ana wazimu.